VIUNGO TUSIVYOPENDA KUVITAJA

Somo: 1 Wakorintho 12:20–26



Padre wetu aliponiomba niandike neno la mwezi huu katika gazeti la mtaa, aliniachia nichague somo mwenyewe. Nimechagua mahali ambapo Mtume Paulo anawafundisha Wakorintho habari za mwili na viungo vyake. Mara nyingi tumesikia mahubiri juu ya jicho na mkono, na kichwa na miguu. Lakini Paulo hakuishia hapo. Alivitaja pia vile viungo ambavyo sisi wanadamu twavificha na kuvionea haya, akasema kwamba Mungu aliuunganisha mwili hivi kwamba viungo hivyo vipate heshima kubwa zaidi, ili pasiwe na utengano mwilini. Sehemu hii huwa twaipita mbio. Mimi mwenyewe niliipita mbio kwa miaka mingi, na leo nataka kuungama mbele yenu ni hasara gani niliyoipata.

Wengi wenu nimewafundisha. Mwakumbuka somo la Sayansi katika darasa la sita, nilipochora ubaoni njia ya chakula mwilini. Nilianza na kinywa, nikashuka kwenye umio, nikafika tumboni, kisha utumbo mwembamba na utumbo mpana. Kila sehemu niliiandikia jina lake kwa chaki ya rangi, kama tulivyofunzwa Chuo cha Ualimu. Lakini nilipofika mwisho wa njia ile, nilichora mshale tu, nikaandika "n.k." Wavulana wa madawati ya nyuma walicheka, nami nikapiga meza kwa rula na kusema, "Nyamazeni! Fungueni ukurasa unaofuata." Hivyo ndivyo nilivyofanya mwaka baada ya mwaka, hata nilipostaafu mwaka 2019. Nilidhani nalinda adabu ya darasa. Kumbe nilikuwa nafundisha somo jingine, nalo watoto walilishika vizuri kuliko yote: ya kwamba iko sehemu ya mwili ambayo mtu mwenye heshima haisemi.

Mume wangu alikuwa mtu mwenye heshima. Alikuwa mzee wa kanisa hili, nanyi mwajua jinsi alivyokuwa mwangalifu katika maneno na mavazi. Mwezi wa Juni 2021 nilimpeleka hospitali kwa sababu alikuwa amekonda, na akipanda ngazi za kanisa alilazimika kusimama apumue. Daktari, kijana mpole, akamwuliza, "Mzee, umepata kuona damu chooni?" Mume wangu akanitazama mimi, kisha akatazama sakafu. Akasema kwa sauti ndogo, "Naam. Tangu mavuno ya mwaka juzi."

Ndugu zangu, tulilala kitanda kimoja. Tulisali pamoja kila jioni. Kwa muda wa miaka miwili hivi alikuwa akinunua dawa ya bawasiri dukani na kuificha katika mfuko wa koti, wala hakuniambia neno. Nilipomwuliza usiku ule kwa nini, akanijibu, "Ningeanzaje, Mama? Hata wewe hupendi mambo hayo." Alisema kweli. Ilikuwa saratani ya utumbo mpana, nayo ilikwisha kufika kwenye ini. Tulimzika Februari 2022.

Tangu siku hizo nimekuwa nikisoma habari za ugonjwa huu, kwa maana mwalimu akishindwa na swali hurudi vitabuni. Na katika kusoma nikakutana na maisha ya mtu mmoja ambaye nataka muyajue. Jina lake ni Denis Burkitt. Alikuwa Mkristo na daktari wa upasuaji, na sehemu kubwa ya kazi yake aliifanya hapa jirani, Uganda.

Burkitt alizaliwa mwaka 1911 mjini Enniskillen, Ireland. Baba yake alikuwa mhandisi wa wilaya, naye alipenda ndege. Aliwavalisha pete miguuni ndege wadogo wa bustani yake, kisha akachora ramani ya mahali kila mmoja alipoishi. Ikumbukeni ramani hiyo, maana tutairudia. Denis alipokuwa na umri wa miaka 11 jiwe lilimpiga usoni, akapoteza jicho moja. Akiwa mwanafunzi huko Dublin alijitoa kwa Kristo, akaacha kusomea uhandisi, akasomea udaktari. Alipoomba kazi ya utabibu katika makoloni ya Afrika Magharibi alikataliwa kwa ajili ya jicho lile. Paulo asema kiungo kimoja hakiwezi kumwambia mwenzake kwamba hakihitajiki; lakini wanadamu twasema hivyo kila siku. Wakati wa vita jeshi lilimpokea, na kazi ya jeshi ikamfikisha Afrika Mashariki. Vita ilipokwisha, mwaka 1946 akapelekwa Lira, kaskazini mwa Uganda, na baada ya miaka michache akahamia hospitali ya Mulago, Kampala.

Mwaka 1957 daktari mwenzake, Hugh Trowell, alimwita wodini amtazame mtoto wa miaka kama mitano. Taya zake zilikuwa zimevimba pande zote mbili, juu na chini. Burkitt hakuwa amepata kuona uvimbe wa namna ile. Majuma machache baadaye alikuwa hospitali ya Jinja. Alipotazama nje dirishani akamwona mtoto mwingine ameketi majanini na mama yake, na uso wake umevimba vilevile. Mtu mwingine angalisema, "Ni bahati mbaya," akaendelea na kazi. Burkitt alitoka nje. Alimpima mtoto, akamkuta na uvimbe tumboni pia, akawachukua mama na mwana mpaka Kampala. Kisha akaanza kupekua mafaili ya hospitali, na kuwaandikia madaktari wa mbali akiwauliza: Je, na ninyi mmeona ugonjwa huu? Kila jibu lililorudi alilitia alama katika ramani, kama baba yake alivyofanya kwa ndege.

Mwaka 1961, mwezi wa Oktoba, alinunua gari kuukuu la Ford kwa pauni 250, akafunga safari na wenzake wawili. Mmoja wao, Ted Williams, alikuwa daktari wa misheni huko Kuluva, naye alijua kutengeneza magari. Kwa majuma kumi walikwenda maili zipatazo 10,000, kutoka Uganda hata kusini mwa Afrika, wakiingia hospitali moja baada ya nyingine, 57 kwa jumla. Kila mahali Burkitt alionyesha picha za watoto wake na kuuliza swali lilelile. Ramani ilipotimia, ilionekana kwamba ugonjwa ule ulikuwa wa nchi zenye joto na mvua, wala haukupanda kwenye milima yenye baridi. Mwaka huohuo wa 1961 alikuwa ametoa mhadhara London, na mtaalamu mmoja aitwaye Epstein akamsikiliza. Epstein aliomba apelekewe vipande vya uvimbe kwa ndege kutoka Kampala, na mwaka 1964 yeye na wenzake wakakuta ndani yake kirusi ambacho hakikujulikana bado. Hicho kilikuwa kirusi cha kwanza kujulikana kinachohusika na saratani ya wanadamu. Leo twajua ya kuwa kirusi hicho na malaria hushirikiana katika kuleta ugonjwa ule.

Na wale watoto je? Uganda wakati ule haikuwa na mashine za kutibu kwa mionzi, na kisu hakikufaa kitu. Burkitt alijaribu dawa mpya zilizokuwa zikianza kutumika kwa saratani, na katika watoto wengi uvimbe ulinywea kwa siku chache. Baadhi yao walipona kabisa. Katika miaka ile ilikuwa ajabu kumwona mtu amepona saratani kwa dawa tu, na ajabu hiyo ilionekana Mulago.

Wapendwa, mtu angeweza kuishia hapo na kupumzika katika sifa. Lakini jambo ninalotaka mlitazame hasa lilikuja baadaye. Burkitt alikwisha kurudi Uingereza, na mwaka 1967 alikutana na daktari mstaafu wa jeshi la majini aitwaye Cleave. Cleave aliamini kwamba magonjwa mengi ya nchi tajiri yatokana na sukari na unga mweupe. Burkitt akakumbuka miaka yake ya upasuaji Afrika. Kule Uingereza wapasuaji walikuwa wakishughulika kila siku na saratani ya utumbo mpana, ugonjwa wa kidole tumbo, na magonjwa mengine ya utumbo, ambayo yeye katika vijiji vya Uganda hakuyaona ila mara chache sana. Akafanya kama alivyozoea: akaziandikia hospitali za misheni zaidi ya mia moja, akiwaomba wamjulishe kila mwezi ni magonjwa gani wanayoyaona na yapi hawayaoni.

Ndipo akalifikia lile neno nisiloliandika ubaoni. Ili ajue utumbo wafanya kazi namna gani, ilimpasa kuchunguza choo kikubwa. Yeye na wenzake waliwapa watu vidonge vidogo visivyosagika wameze, wakahesabu saa mpaka vitoke, na kilichotoka wakakipima kwa mizani. Matokeo waliyatoa mwaka 1972. Wanavijiji wa Uganda, waliokula vyakula visivyokobolewa, walipata choo cha gramu zaidi ya 400 kwa siku, na chakula kilipita mwilini kwa muda wa siku moja na nusu hivi. Waingereza waliokula mkate mweupe walipata kama gramu 100, na chakula kilikaa zaidi ya siku tatu. Burkitt akafikiri kwamba makapi ya nafaka, mboga na kunde, yaani nyuzinyuzi, ndiyo yaliyoleta tofauti, na kwamba uchafu ukikaa kidogo na kupita upesi, utumbo hupata madhara machache.

Watu walimcheka. Daktari mkubwa, mwanachama wa chama kikuu cha wanasayansi Uingereza, asimama mbele ya waungwana na kuonyesha picha za choo! Yeye hakujali. Alizunguka nchi nyingi akizungumza habari hizo waziwazi, mpaka alipofariki mwaka 1993. Nilipoyasoma hayo niliweka kitabu chini nikalia. Wavulana wa madawati ya nyuma walimcheka na yeye pia, naye hakugeuza ukurasa.

Sasa nataka tujifunze mambo matatu.

La kwanza, haya hii haikutoka kwa Mungu. Someni Kumbukumbu la Torati 23. Waisraeli waliamriwa wachukue kijembe cha kuchimbia nje ya kambi, kwa sababu Bwana mwenyewe alikuwa akitembea kati yao. Mungu hakuona choo kuwa jambo dogo mno kuwekewa amri. Someni Marko 7, ambapo Bwana Yesu anawaeleza wanafunzi wake mwendo wa chakula, jinsi kiingiavyo tumboni na kutoka chooni. Mwokozi wetu hakuandika "n.k." Na yule mwimbaji wa Zaburi 139 anamshukuru Mungu aliyemwumba mpaka ndani kabisa, wala hasemi kwamba utumbo uliumbwa na mwingine. Adabu ni jambo jema, nami sikusudii kuivunja. Lakini adabu ikimfanya mtu afe kimya ndani ya nyumba yake, imekuwa sanamu, na sanamu hupaswa kuvunjwa.

La pili, upendo huuliza. Kazi yote ya Burkitt ilikuwa kuuliza swali na kungojea jibu. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na methali hiyo twaitumia kumlaumu mgonjwa. Lakini mara nyingi mgonjwa huficha kwa kuwa hakuna aliyeuliza, au aliyeuliza alikuwa na uso wa kusema, "Usinijibu." Mke na amwulize mumewe, mume na amwulize mkewe. Watoto wakubwa, waulizeni wazee wenu kwa heshima, na kama mwaona vigumu, mtumeni mjukuu au shangazi au mtani, ndiyo kazi yao.

Na tuulize nini? Nasema kama mwalimu. Damu katika choo kikubwa, choo kilichobadilika kwa majuma kadhaa bila sababu, ama kufunga ama kuhara, maumivu ya tumbo yasiyokwisha, kukonda, kuchoka kwa kupungukiwa damu. Na katika saratani ya umio, ambayo yaonekana mara nyingi upande huu wa mashariki wa Afrika, ni chakula kukwama kooni, kwanza ugali, kisha uji, mwisho hata maji. Damu si lazima iwe saratani. Mara nyingi ni bawasiri kweli, au kuhara damu. Lakini hayo hayajulikani kwa kukisia, wala kwa muuza dawa. Hujulikana kwa kupimwa. Saratani ya utumbo mpana kwa kawaida huanza kama kinyama kidogo, na hupita miaka mingi, pengine kumi, kabla hakijageuka. Kinyama hicho kikionekana mapema hukatwa na mambo yakaisha. Saratani yenyewe ikikutwa ingali ndani ya utumbo tu, kisu cha mpasuaji chaweza kuiponya. Kwa hiyo muda ni dawa, na haya hutuibia muda.

La tatu, tusihukumu. Hapa sina budi kusema kwa uangalifu, kwa maana elimu nayo yaweza kuwa rungu. Mume wangu alikula dona maisha yake yote. Maharage, mchicha na kisamvu vilikuwa chakula chetu cha kila siku, wala hakunywa pombe wala kuvuta sigara. Na bado aliugua. Baada ya mazishi mtu mmoja alinijia akauliza, "Alikuwa akila nini?" Swali lile liliniuma kama lile ambalo wanafunzi walimwuliza Bwana juu ya yule kipofu wa Yohana 9: ni nani aliyetenda dhambi, huyu au wazazi wake? Nanyi mwajua Bwana aliwajibu namna gani. Hakumtafuta wa kulaumiwa. Aliinama, akafanya tope, akamtibu.

Burkitt hakuwa sahihi katika yote. Wengine walionyesha kwamba saratani ya utumbo ina sababu nyingi. Mwaka 1999 uchunguzi wa wauguzi zaidi ya 88,000 wa Marekani haukuona kwamba nyuzinyuzi zawakinga. Mwaka 2003 uchunguzi mwingine, wa watu wapatao nusu milioni katika nchi kumi za Ulaya, ulionyesha kwamba waliokula nyuzinyuzi nyingi waliugua kwa uchache. Tangu hapo ushahidi umezidi kuwa upande wa nafaka zisizokobolewa. Mwaka 2015 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani walitangaza kwamba nyama zilizosindikwa, kama soseji, huleta saratani ya utumbo. Mwaka 2016 wakasema vinywaji vya moto sana, vipitavyo nyuzi 65, huenda vikaleta saratani ya umio. Basi ngojeni chai ipoe kidogo, na msione dona kuwa chakula cha kimaskini. Lakini hayo hupunguza hatari tu, hayaiondoi. Mmoja hupanda, mwingine hutia maji, nasi bado tunangojea kujua mengi. Mwenye kula vizuri asijivune, na mwenye kuugua asionewe mashaka.

Wapendwa, mwezi uliopita niliwaomba akina mama wa Umoja wetu wanikubalie jambo. Baada ya Ibada nilisimama mbele yao katika ukumbi na ubao mdogo wa shule ya Jumapili. Nikachora njia ya chakula tangu kinywa, na safari hii nikaifikisha mwisho, nikaiandika yote. Mikono ilinitetemeka. Walicheka, nami nikacheka pamoja nao, kisha tukanyamaza. Baadaye mama mmoja akanifuata nje chini ya mwembe, akasema, "Mwalimu, mimi nina neno." Tulikwenda hospitali pamoja siku ya Jumatano. Matokeo yake ni yake, si yangu kuyaandika hapa. Ninachoweza kuwaambia ni kwamba hakwenda peke yake.

Paulo alitaka hilo: pasiwe na utengano mwilini. Kiungo cha mwisho kiheshimiwe kama cha kwanza, na maumivu ya mmoja yawe ya wote. Hatuwezi kuwa mwili mmoja wa Kristo ikiwa kila mmoja anaficha mwili wake.

Tuombe.

Ee Mungu Mwenyezi, uliyetuumba nje na ndani, wala hukuona aibu kumtuma Mwanao auvae mwili kama wetu: tuondolee haya inayoua, utupe ndimi za kuuliza na masikio ya kusikiliza. Wabariki madaktari na wauguzi, na wote wachunguzao magonjwa kwa saburi. Uwape wagonjwa wetu ujasiri na wenza wa kwenda nao. Na wale waliotangulia wakiwa wamenyamaza, uwapokee katika mwanga wako, mahali ambapo hakuna lililofichwa. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.

Ni mimi mwenzenu katika Kristo,
Mwalimu mstaafu wa mtaa wenu